Mimba imeharibika nikiwa Texas: nikirudi hospitali nitakamatwa?

Swali: Habari za kazi, mwanasheria. Mimi ni mama wa watoto wawili, tuliletwa Fort Worth kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Nilikuwa na mimba ya kama wiki 10, mimba tuliyoitaka na kuiombea. Jumapili nilianza kutoka damu, mume wangu akanikimbiza emajensi. Wakanipima kwa ultrasaundi, binti yangu wa miaka 12 akawa ananitafsiria. Daktari alisema hawaoni mapigo ya moyo, ila niende nyumbani nirudi baada ya wiki moja wapime tena. Nikamuuliza kama anaweza kunisafisha au kunipa dawa, akasema hapa Texas lazima wawe na uhakika, akatoka. Tumbo linauma na damu bado inatoka kidogo kidogo. Sasa kwenye kundi la WhatsApp la kanisa kuna sauti inazunguka, inasema Texas mimba ikikutoka polisi wanaitwa, na ukivuka kwenda New Mexico kutibiwa, ukirudi unakamatwa na kunyang'anywa kadi ya ukaazi. Naogopa kurudi. Mume wangu anasema sheria hii ni nzuri kwa kuwa sisi ni watu wa Mungu, hatukubali kutoa mimba. Na mimi sikubali. Ila najiuliza, kama sheria ni ya wanaotoa mimba, mbona imenigusa mimi niliyemtaka mtoto? Na kwa nini jimbo hili iwe jela na jimbo jirani iwe ruhusa, wakati nchi ni moja?

Jibu: Dada yangu, poleni sana, wewe na mzee wa nyumbani. Mmefiwa, na watu wengi hawataona kwamba mmefiwa.

Nianze na jibu kabla ya maelezo. Rudi hospitali. Hakuna sheria ya Texas inayofanya mimba kuharibika kuwa kosa, na hakuna sheria inayomtaka daktari aite polisi kwa sababu mwanamke amepoteza mimba. Kubaki nyumbani kwa hofu ndiko kunakoweza kukuumiza. Mimi si daktari, lakini dalili za hatari nazijua kwa jinsi madaktari wa wanawake wanavyozirudia kila siku: ukilowanisha pedi kubwa 2 kwa saa moja, na ikawa hivyo saa 2 mfululizo, nenda usiku huohuo. Ukiwa na homa, uchafu wa ukeni wenye harufu mbaya, kizunguzungu cha kukuangusha, au maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo yanayopanda hadi begani, piga 911. Maumivu hayo ya bega yanaweza kuwa ishara ya mimba iliyotunga nje ya kizazi, na hiyo huua. Kumbuka vipimajoto vya huku vinasoma Fahrenheit. Homa inaanzia 100.4, usisubiri uone 38. Na uliza kundi lako la damu. Kama ni lile linaloitwa negative, mwambie daktari mapema, huenda ukahitaji sindano ya kulinda mimba zijazo.

Sasa tuje kwenye sheria yenyewe, maana sauti ya WhatsApp imechanganya mambo matatu tofauti.

Texas ina sheria mbili kubwa unazopaswa kuzijua. Ya kwanza ni SB 8, iliyoanza Septemba 1, 2021. Hii ilizuia kutoa mimba mara mapigo yanapoonekana, kama wiki ya 6, lakini kwa njia ya ajabu: serikali haishtaki mtu, bali raia yeyote anaweza kumfungulia daktari kesi ya madai, au mtu aliyesaidia, na akishinda anapata si chini ya dola 10,000. Ya pili ilianza Agosti 25, 2022, na ndiyo yenye meno. Daktari akitoa mimba nje ya masharti yake anaweza kufungwa hadi kifungo cha maisha, anapoteza leseni, na anadaiwa faini ya si chini ya dola 100,000. Inaruhusu tu pale ambapo hali ya kimwili inayotokana na ujauzito inatishia uhai wa mama, au inahatarisha vibaya kazi ya kiungo muhimu cha mwili wake. Mimba ya kubakwa haimo katika ruhusa hiyo. Mtoto aliyegundulika ana ulemavu usiomwezesha kuishi, naye hayumo.

Katika sheria zote hizo, mwanamke mwenye mimba ametengwa. Hashtakiwi wala hadaiwi. Jela, leseni, faini: vyote vinamwelekea anayetibu au anayesaidia. Isitoshe, sheria za Texas zinapoeleza kutoa mimba ni nini, zinasema wazi kwamba kuondoa mtoto aliyekwisha kufa tumboni kwa mimba iliyoharibika yenyewe si kutoa mimba. Kuondoa mimba iliyotunga nje ya kizazi pia si kutoa mimba. Kwa hiyo kama mtoto wako amefariki, matibabu unayoyahitaji hayajawahi kukatazwa, si na SB 8 wala na hiyo ya pili.

Sitakuficha kwamba makosa hutokea. Aprili 2022 katika wilaya ya Starr, kusini kabisa mwa Texas, mwanamke alikamatwa na kufunguliwa mashtaka ya mauaji baada ya habari zake kutoka hospitali kufika kwa vyombo vya dola. Siku chache baadaye mwendesha mashtaka aliyafuta, akakiri kwamba chini ya sheria za Texas mwanamke huyo hana kesi ya kujibu. Mwaka 2024 mwendesha mashtaka huyo mwenyewe aliadhibiwa na chama cha mawakili cha jimbo, pamoja na faini ya dola 1,250. Ukiuliza mimi, dola 1,250 kwa kumlaza mtu rumande kwa shtaka lisilokuwepo ni kama kupigwa kofi la unyoya. Lakini kisa hicho kinakuonyesha sheria imesimama wapi: imesimama upande wako. Nayo sheria ya shirikisho ya siri za wagonjwa, HIPAA ya mwaka 1996, haimruhusu muuguzi kupeleka habari zako polisi kwa sababu tu moyoni ana shaka.

Basi kwa nini daktari akasema vile na kutoka?

Hapa nataka uniskilize vizuri, kwa sababu inawezekana kuna sababu mbili, na moja ni nzuri. Ultrasaundi ya mimba changa si kama kumwona mtu dirishani. Wiki 10 ulizohesabu wewe zinatoka kwenye tarehe ya hedhi, lakini kijusi kinaweza kuwa na ukubwa wa wiki 6 tu. Wataalamu wa Marekani, tangu 2013, wanafuata vipimo hivi: kijusi kikiwa na urefu wa milimita 7 au zaidi na hakina mapigo, mimba imekufa, hakuna mjadala. Mfuko wa mimba ukiwa na wastani wa kipenyo cha milimita 25 au zaidi na ndani hakuna kijusi, vivyo hivyo. Chini ya hapo daktari mwangalifu hasemi neno la mwisho. Anakurudisha baada ya siku 7 hadi 14. Angefanya hivyo hata New York, hata Muhimbili. Anaogopa kukupa dawa halafu ikawa mimba ilikuwa hai na tarehe ndizo zilikosewa. Kwa mimba uliyoitaka, tahadhari hiyo ni yako.

Sababu ya pili ni woga, na woga huo ni wa daktari. Tangu 2022 zipo hospitali Texas zinazotaka ultrasaundi mbili hata pale ya kwanza imeonyesha wazi, zinazotaka daktari wa pili aweke sahihi, zinazompigia simu mwanasheria wa hospitali saa nane za usiku wakati mgonjwa analowa damu. Daktari aliyesoma miaka kumi na kitu anajiuliza kama mwendesha mashtaka asiyejua kusoma ultrasaundi atakuja kubishana naye mbele ya baraza la wazee wa mahakama. Anachagua kusubiri, na kusubiri kwake ni mwilini mwako.

Namna ya kujua ni ipi kati ya sababu hizo mbili ni kuuliza swali moja, na uliulize kesho: kijusi kina urefu wa milimita ngapi? Wakikujibu 4, basi rudi nyumbani, subiri hiyo wiki, ni matibabu halali. Wakikujibu 9 na hakuna mapigo, waambie kwa heshima kwamba kwa kipimo hicho mimba imekwisha kufa, na unaomba kuambiwa njia zako za matibabu leo. Kama bado wanakataa, omba waandike kwenye faili sababu ya kukataa. Daktari akiombwa kuandika sababu, mara nyingi hurudi kuitazama picha upya. Omba pia nakala ya ultrasaundi. Ni haki yako. Ukiwa nayo unaweza kwenda kwa daktari wa wanawake mwingine palepale Fort Worth au Dallas bila kuanza upya.

Njia ni tatu, na zote ni halali Texas mimba ikishathibitika kufa. Unaweza kusubiri mwili ujisafishe. Wanawake wapatao 8 kati ya 10 hufanikiwa hivyo, lakini inaweza kuchukua hadi wiki 8, na wapo wanaochoka kusubiri, hakuna aibu. Unaweza kupewa vidonge, misoprostoli peke yake au pamoja na mifepristoni, ambavyo huharakisha. Famasia nyingine za Texas huvitazama vidonge hivi kama bangi, hivyo mwombe daktari aandike kwenye cheti cha dawa kwamba ni kwa ajili ya mimba iliyoharibika. Au unaweza kusafishwa kwa kifaa cha kunyonya, kazi ya dakika chache, karibu kila mara inamaliza yote. Kama unavuja damu sana au una homa, hiyo ya tatu ndiyo watakayokuambia, na usibishe.

Jambo moja nakuomba kama kaka: usimtumie tena binti yako kutafsiri. Si kwa sababu tu mtoto wa miaka 12 hapaswi kubeba habari hizo. Kwa lugha yetu "mimba imetoka" na "mimba imetolewa" zinapishana kidogo tu, na mtoto anayezungumza Kiingereza cha shule anaweza kumwambia daktari wa Texas kwamba mama yake ametoa mimba. Fikiria neno hilo likiingia kwenye faili. Hospitali yoyote inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kukupa mkalimani bure. Msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Wakalimani wa Kiswahili wapo kwa simu na kwa video, usiku na mchana. Ukifika mapokezi sema "Swahili" na usikubali kuendelea mpaka awe hewani. Ukipewa Mkenya au Mtanzania na humwelewi vizuri, sema unataka anayejua Kiswahili cha Kongo. Si kiburi.

Emajensi pia haiwezi kukufukuza. Sheria ya shirikisho ya 1986, EMTALA, inailazimu kila hospitali yenye emajensi inayopokea malipo ya Medicare, bima ya serikali kuu kwa wazee, kumpima kila anayeingia na kumtuliza hali kabla ya kumruhusu, awe na bima au asiwe nayo, awe na karatasi au asiwe nazo. Wanaweza kukuuliza kama upo nchini kihalali. Gavana Greg Abbott aliagiza hospitali za Texas ziulize kuanzia Novemba 1, 2024. Wewe una kadi, huna la kuficha. Ila waambie na wale jirani zako wasio na kadi: hawalazimiki kujibu swali hilo, na kutojibu hakuwanyimi matibabu.

Sasa hilo la New Mexico, na kwa nini nchi moja ina sheria mbili.

Ulikotoka, Kongo au Tanzania Bara, sheria ya jinai ni moja kutoka mpaka hadi mpaka. Marekani haikujengwa hivyo. Makosa ya jinai, ndoa, mirathi, leseni za udaktari, haya ni mambo ya jimbo, isipokuwa Katiba ya shirikisho iseme hapa msiguse. Kwa karibu miaka 50 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema Katiba inasema hivyo kuhusu mimba. Januari 22, 1973, katika kesi ya Roe dhidi ya Wade, iliyoanzia Dallas, dakika 40 tu kutoka unapokaa, majaji 7 kwa 2 waliamua kwamba "uhuru" unaolindwa na Marekebisho ya 14 ya Katiba unaingia hadi kwenye uamuzi wa mwanamke kuhusu mimba yake. Wade alikuwa mwendesha mashtaka wa Dallas. Mwaka 1992, katika kesi ya Casey, Mahakama ililegeza kamba kidogo: majimbo yanaweza kuweka masharti, bali si kuzuia kabla mtoto hajaweza kuishi nje ya tumbo.

Juni 24, 2022, katika kesi ya Dobbs kutoka Mississippi, majaji 5 wakafuta yote mawili. Jaji Samuel Alito aliandika kwamba Katiba haitaji kutoa mimba na kwamba haki hiyo haina mizizi katika historia ya taifa. Majaji 3 walipinga vikali. Jaji Mkuu John Roberts alikubali sheria ya Mississippi ibaki lakini hakutaka kwenda mbali hivyo. Watu wengi husema siku ile Mahakama ilipiga marufuku kutoa mimba. Haikupiga. Iliondoa kizuizi, ikarudisha uamuzi kwa majimbo, na majimbo yakagawanyika. Texas ilikuwa na sheria yake tayari kabatini, imepitishwa 2021 ikisubiri siku hiyo. New Mexico ikabaki wazi. Kansas, jimbo la wahafidhina, ilipiga kura Agosti 2022 na wananchi wakakataa kuondoa ulinzi katika katiba yao. Ohio wakauandika kwenye katiba yao Novemba 2023. Hapo Texas msitegemee njia kama ya Ohio, kwa sababu wananchi hawana utaratibu wa kukusanya sahihi na kupeleka mabadiliko ya katiba kwenye kura. Lazima yapitie bungeni kwanza.

Ndiyo maana usichukue maelezo haya ukampelekea ndugu au rafiki aliyeko Louisiana. Kule, tangu Oktoba 1, 2024, vile vidonge viwili vimewekwa kundi moja na dawa za kulevya zinazodhibitiwa. Mambo ya Texas ni ya Texas.

Kuvuka jimbo kwenda kutibiwa si kosa. Jaji Brett Kavanaugh, mmoja wa wale 5 waliofuta Roe, aliandika katika maoni yake kwamba jimbo haliwezi kumzuia mkazi wake kusafiri kwenda jimbo lingine kutoa mimba, kwa sababu haki ya kusafiri kati ya majimbo inalindwa na Katiba. Kama hata kwa kutoa mimba ni hivyo, sembuse wewe unayetaka kutibiwa mimba iliyokufa. Kadi yako ya ukaazi hainyang'anywi kwa kwenda kliniki Albuquerque, New Mexico. Sauti ile imekosea.

Imekosea, ila imeokota punje ya kweli mahali. Baadhi ya wilaya na miji ya Texas, Lubbock mojawapo mwaka 2023, imepitisha kanuni zinazoruhusu raia kumdai fidia mtu anayemsafirisha mwanamke kwenye barabara zao ili akatoe mimba. Mwanamke mwenyewe hadaiwi. Wapiga kura wa Amarillo walikataa kanuni kama hiyo Novemba 2024. Na barabara za karibu na mpaka wa nchi ya Mexico zina vizuizi vya walinzi wa mpaka, ambao hawajali tumbo lako bali karatasi zako. Ukisafiri upande ule, kadi iwe mkononi, isiwe kabatini nyumbani. Asiye na kadi afikirie mara mbili na azungumze na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kuwasha gari.

Nimefika kwa mume wako, na swali lako ambalo ndilo zito kuliko yote.

Sina nia ya kumbadilisha imani. Anayeamini kwamba mtoto tumboni ni mtu tangu kutungwa ana hoja nzito: asiye na sauti ndiye wa kwanza kulindwa na dola. Upande mwingine nao una hoja ambayo watu wetu hawaisikii mara nyingi, basi nikupe kwa kisa. Mwaka 1978 huko Pittsburgh, Robert McFall alikuwa anakufa kwa ugonjwa wa uboho. Binamu yake, David Shimp, alipimwa kidogo akaonekana huenda anafaa kumtolea uboho, kisha akagoma. McFall akaenda mahakamani. Jaji alisema kukataa kwa Shimp hakuteteeki kimaadili, lakini akakataa kumlazimisha, akisema sheria inayoweza kuingia mwilini mwa mtu kwa nguvu ili kumwokoa mwingine haitakuwa na mwisho. McFall alifariki muda mfupi baadaye. Watetezi wa haki ya kutoa mimba huuliza: kama binamu halazimishwi sindano, mama analazimishwaje miezi 9? Wapinzani wao hujibu kwamba mama si binamu, ana wajibu kwa mwanawe, na kwamba kukataa kusaidia si sawa na kuua. Mnaweza kubishana mezani hadi chai ipoe, nyote wawili mkiwa na akili timamu.

Swali lako wewe ni tofauti na hilo. Unauliza mbona imekugusa wewe usiyetaka kutoa. Imekugusa kwa sababu kwa daktari, mimba inayotolewa na mimba inayoharibika zinatibiwa kwa dawa zilezile, kifaa kilekile, chumba kilekile. Sheria inayomwambia daktari "ukikosea hapa ni kifungo cha maisha" haiwezi kumfanya awe jasiri kwenye mimba inayoharibika. Amanda Zurawski wa Austin alimtaka mtoto wake kama wewe. Alimpata kwa kuhangaikia uzazi muda mrefu. Agosti 2022 chupa ilipasuka akiwa karibu wiki 18. Mtoto hakuwa na njia ya kuishi, ila mapigo yalikuwepo, basi akaambiwa asubiri. Alisubiri mpaka sumu ikaingia kwenye damu, akalazwa chumba cha wagonjwa mahututi, na mrija mmoja wa uzazi ukaziba. Yeye na wenzake walishtaki jimbo. Mei 31, 2024 Mahakama ya Juu ya Texas ilikataa ombi lao, ikisema sheria haimtaki daktari angoje mpaka mama akate roho, na kwamba tatizo ni madaktari kuielewa vibaya.

Mwaka mmoja baadaye bunge lenyewe likakubali kwamba haieleweki. Juni 2025 Abbott alisaini SB 31, inayosema waziwazi kwamba hatari haihitaji kuwa imeshafika mlangoni ndipo daktari atende. Mwandishi wake ni seneta Bryan Hughes, huyohuyo aliyeandika SB 8. Kwangu mimi hilo linatosha kumjibu mume wako: hata waliotunga sheria hii waliona imewafikia wanawake wasiokusudiwa. Mtu anaweza kupinga kutoa mimba na bado akadai sheria iandikwe vizuri. Hata Kanisa Katoliki, ambalo halina mchezo katika suala hili, halina neno na kusafisha kizazi baada ya mtoto kufa.

Kuhusu bili, usiilipe ile ya kwanza inayokuja kwa posta kabla hujauliza. Hospitali zisizo za kibiashara zinalazimika kwa sheria ya kodi ya shirikisho kuwa na mpango wa msamaha kwa wenye kipato kidogo. Omba fomu, wakupe kwa mkalimani. Polisi akija, jambo ambalo silitarajii, usimweleze chochote ila jina lako na kwamba unataka wakili. Shirika la If/When/How lina simu ya bure ya ushauri wa kisheria juu ya mambo haya. Na kwa kuwa tumetaja kura: kama hamjawa raia, msipige, hata mkipewa fomu ya kujiandikisha mlangoni mwa duka. Hilo ndilo linaloweza kweli kuwaondoa nchini.

Mkiamua kujaribu tena, na natumaini mtajaribu mwili ukipona, msisubiri matatizo ndipo mjue daktari wenu ni wa namna gani. Kwenye kliniki ya kwanza kabisa, mkalimani akiwa hewani, mwulize: chupa ikipasuka wiki ya 18, hospitali yako inafanya nini siku ya kwanza? Na kipimo kikionyesha mtoto hataweza kuishi, je? Hilo la pili ndilo lililomkuta Kate Cox wa Dallas Desemba 2023: Mahakama ya Juu ya Texas ilimkatalia, na ikabidi atibiwe nje ya jimbo. Daktari anayekujibu kwa hatua, tutafanya hiki, tutamwita huyu, tutakupeleka kule, shikamana naye. Anayekujibu "tutaona wakati ukifika" mshukuru, kisha tafuta mwingine mapema, kabla hujafika wiki ya 12.